Sola ya nyumba ya kilowati 5: paneli safi, betri nzuri, kasoro iko kwenye vifaa vidogo

Kifurushi tunachokipitia hapa kimekuwa cha kawaida kwa anayetaka nyumba yake ijizalishie umeme: paneli 8 za wati 550, inveta mseto ya kilowati 5 (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa matumizi ya nyumbani), betri moja ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100, reli za kufungia paneli juu ya paa, na sanduku lenye nyaya, konekta, breka na skrubu. Wauzaji ni wengi na majina kwenye maboksi hayafanani, lakini vilivyomo vinakaribiana kiasi kwamba yatakayosemwa hapa yanavihusu karibu vyote. Vitu vitatu vikubwa vinastahili kununuliwa. Lile sanduku la vifaa vidogo, ambalo ndilo la bei ya chini kuliko vyote, ndilo linaloweza kuchoma nyumba, na kwa kawaida karibu nusu yake inafaa kubadilishwa kabla hujafunga chochote.

Paneli

Paneli ya aina hii ina seli 144 zilizokatwa nusu, urefu wa milimita 2,278, upana wa milimita 1,134 na uzito wa kilo 28 hivi. Gawa wati kwa eneo lake, unapata kama wati 213 kwa kila mita ya mraba, yaani inageuza kuwa umeme asilimia 21 ya jua kamili linaloiangukia. Seli za silikoni zilizoonyeshwa hadharani na maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1954 ziligeuza kama asilimia 6. Katika kifurushi kizima, hakuna kitu kilichokomaa kama paneli. Zinakuja na dhamana mbili, na watu huzichanganya: ya kwanza, kwa kawaida miaka 12, ni ya ubovu wa paneli yenyewe, kama kioo kilichojipasua au maji yaliyoingia ndani, ya pili, miaka 25, ni ya kiasi cha umeme, kwamba haitapungua nguvu zaidi ya ilivyoandikwa mwaka hadi mwaka. Muulize muuzaji ni nani atakayezitimiza zote mbili, maana dhamana ya miaka 25 isiyo na mtu wa kumfuata ni karatasi tu.

Zile wati 550 zimepimwa katika hali ya maabara: mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba na seli zenye joto la nyuzi 25. Juu ya paa la bati saa saba mchana, seli hufika nyuzi 60 bila shida. Soma karatasi ya vipimo, utakuta nguvu inashuka asilimia 0.35 kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Nyuzi 35 za ziada zinaondoa zaidi ya asilimia 12, na paneli ya 550 inabaki na wati 480 hivi. Hiyo ndiyo tabia ya silikoni, wala si dalili ya paneli mbovu. Ndiyo sababu paneli zinahitaji upenyo wa sentimita 10 hadi 15 kati yake na bati ili hewa ipite. Fundi anayezilaza juu ya bati moja kwa moja ili kuokoa reli anakupunguzia umeme kila siku ya jua. Paneli za TOPCon, kizazi kipya zaidi cha seli za silikoni, hupoteza pungufu ya hapo, asilimia 0.29 hivi kwa nyuzi. Ukiwa mahali pa joto kali na tofauti ya bei si kubwa, chukua hizo.

Kabla paneli haijapanda juu ya paa, ipime ikiwa chini, kwenye jua. Weka mita kwenye volti za DC (umeme usiobadili mwelekeo, kama wa betri) na uguse konekta zake mbili bila kuunganisha kitu kingine. Karatasi inasema karibu volti 49.8, ikiwa imeshapata moto utaona 45 au 46, na hiyo ni sawa. Ukiona moja iko chini ya wenzake kwa theluthi nzima, volti 30 wakati nyingine zina 45, diodi mojawapo kati ya tatu zilizo kwenye kijisanduku cha nyuma imekufa. Irudishe siku hiyohiyo. Na asiwepo mtu wa kukanyaga paneli wakati wa kufunga, hata akiwa pekupeku. Kioo hakipasuki, ila seli chini yake hupata nyufa zisizoonekana kwa macho, na nyufa hizo hugeuka sehemu za moto baada ya miaka michache.

Kuhusu mwelekeo: walio kaskazini mwa ikweta wazielekeze kusini, walio kusini wazielekeze kaskazini, na mwinamo ukaribiane na latitudo ya mahali. Karibu na ikweta mwelekeo hauna uzito mkubwa, lakini mwinamo usiwe chini ya nyuzi 10, la sivyo mvua haitasafisha vumbi na matope yatajikusanya kwenye ukingo wa chini, pale fremu inapokutana na kioo. Bolti za reli ziingie kwenye mbao za kenchi. Zikishika bati peke yake, upepo mkali utaondoka na bati, reli na paneli zake. Eneo la paneli 8 ni kama mita za mraba 20, na upepo ukiingia chini yake unainua kama tanga.

Jinsi ya kuziunganisha

Paneli 8 zinafungwa kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, ziwe mnyororo mmoja. Volti zinajumlishwa na ampea zinabaki zilezile: volti 334 na ampea 13 wakati wa kazi, volti 398 zikiwa hazijaunganishwa na kitu. Mpango huu tunaupenda kuliko ile mifumo ya zamani ya volti 24 iliyounganisha paneli sambamba na kuhitaji nyaya nene kama kidole. Hapa waya wa milimita za mraba 4 unaokwenda mita 30 na kurudi mita 30 unapoteza kama volti 4 tu, asilimia moja na kidogo.

Kosa linaloua inveta nyingi ni la hesabu. Ingizo la paneli kwenye inveta za aina hii lina kikomo cha volti 500, na mtu mwenye nafasi juu ya paa anajiambia aongeze paneli mbili. Paneli 10 mara 49.8 ni 498, anaona amebaki ndani ya mpaka. Hajakumbuka kwamba volti za paneli hupanda kadiri baridi inavyozidi, karibu asilimia 0.27 kwa kila nyuzi chini ya 25. Alfajiri ya nyuzi 10, jua la kwanza linapozigonga paneli bado zikiwa baridi, mnyororo huo unafika volti 518 na inveta inaungua kabla ya chai. Paneli 9 zinawezekana: hata kwenye nyuzi 0 zinafika kama 478. Zinabaki ndani ya kikomo, ila soma kwanza wati ambazo ingizo hilo linakubali. Paneli 10 usijaribu.

Sasa sanduku la vifaa vidogo. Tutakaa hapa kidogo.

Chukua konekta moja ya MC4, ile nyeusi yenye meno mawili ya kubofya. Ndani yake kuna pini ya shaba iliyopakwa bati, na pini hiyo inabanwa juu ya waya uliochunwa. Ikibanwa vizuri, ukinzani wake uko chini ya nusu ya miliohmu, na ampea 13 zikipita joto linalozaliwa ni sehemu ndogo ya wati moja. Ikibanwa kwa plaizi ya kawaida, ukinzani unaweza kufika sehemu moja ya kumi ya ohmu. Zidisha 13 kwa 13 kwa 0.1: wati 17, ndani ya kitu chenye ukubwa wa dole gumba, saa kadhaa kila siku, kikiwa kimejificha chini ya paneli mahali hakuna anayekiona. Plastiki inalainika, maji yanaingia, ukinzani unazidi, na siku moja cheche inaruka. Moto wa sola mara nyingi huanzia hapo, kwenye maungio.

Kwa hiyo konekta ifungwe hivi. Chuna milimita 7 au 8 za waya bila kukata hata uzi mmoja. Ingiza kwenye pini, ubane kwa koleo la MC4 lenye meno ya milimita za mraba 4 na 6. Sukuma pini ndani ya ganda hadi usikie mlio wa kujifunga, halafu vuta waya kwa nguvu, ukitoka, hukubana. Kaza nati ya nyuma kwa spana zake mbili mpaka mpira wa ndani ushike waya. Dume na jike ziwe za kampuni moja. Konekta za kampuni mbili zitaingiana na zitabofya, lakini vipimo vya pini havilingani sawasawa, na mwaka mmoja wa joto na baridi unatosha kuzilegeza. Zile zinazokuja kwenye vifurushi kwa kawaida hazina jina wala alama yoyote. Zibadilishe zote utakazofunga mwenyewe, na pale zinapoungana na za paneli tafuta zilizo sawa na za paneli.

Breka nazo zina kasoro yake. Umeme wa AC, ule wa kwenye plagi, hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde kwenye mfumo wa hezi 50, na kila ukipita sifuri cheche inayozuka breka inapofunguka hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa DC haupiti sifuri hata mara moja. Breka ya AC ikikata volti 334 za DC, cheche inaendelea kuwaka ndani yake mpaka kitu kiyeyuke. Breka ya paneli iandikwe DC, volti 500 au zaidi, ampea 20 (mkondo wa juu wa paneli ni 13.9, ongeza robo unapata 17.4), na ikate nyaya zote mbili kwa pamoja. Angalia pia kama ina alama za jumlisha na kutoa mwilini. Breka yenye alama hizo ikifungwa kinyume, sumaku ya ndani inaisukuma cheche upande usio na chumba cha kuizimia. Zipo zisizojali upande. Hizo ndizo za kununua.

Mara nyingine kifurushi kinakuja na fyuzi za mnyororo wa paneli pia. Kwa mnyororo mmoja hazihitajiki. Zinaongeza maungio mawili ya kulegea bure. Kinga ya radi ya upande wa DC ibaki, iwe karibu na inveta, na waya wake wa ethi uwe mfupi na usiopindapinda. Fremu zote za paneli na reli ziungwe kwa waya wa ethi mmoja unaoshuka ardhini.

Inveta

Inveta mseto ndiyo kichwa cha mfumo. Inapokea paneli, inachaji betri, inalisha nyumba, na gridi ikiwepo inaitumia pale jua na betri vinapopungukiwa. Nyingi za daraja hili zimeundwa kupokea umeme wa gridi bila kuurudisha. Anayetaka kuuza umeme kwa shirika la umeme anahitaji inveta ya aina nyingine pamoja na kibali. Tunaipendelea hii kwa nyumba inayokatikiwa umeme, kwa sababu zile inveta za gridi zisizo na betri hujizima gridi inapokatika, hata jua liwe linawaka namna gani. Ni sharti la usalama wa mafundi walio kwenye nguzo. Watu hulijua wakiwa wameshalipa.

Hakikisha kibandiko kinasema kilowati 5. Vipo vinavyosema kVA 5, na mara nyingine hiyo ni kilowati 4 tu.

Lawama yetu kubwa kwa inveta hizi ni ulaji wake. Ikiwa imewashwa bila kulisha hata taa, inakula wati 50 hadi 70 kwa kazi yake yenyewe. Chukua 55 mara saa 24: zaidi ya uniti moja na robo kwa siku, inayotosha kuendesha friji nzuri ya kisasa. Kwa paneli 8 zenye jua la saa 5 kamili, mfumo unazalisha kama uniti 16.5 kwa siku baada ya kutoa joto, vumbi na hasara za kugeuza, kwa hiyo mchana huisikii. Usiku unaisikia sana, maana unakula kutoka kwenye betri. Nyumba yenye mahitaji ya taa, simu na televisheni tu haikihitaji kifurushi hiki. Inveta ndogo ya kilowati 1 itawatosha na itakula pungufu ya hii.

Feni zake zina kelele na zinavuta vumbi. Usiifunge chumbani kwa kulala, wala jikoni penye mafuta hewani, wala kwenye dari. Iachie sentimita 20 pembeni na 50 juu na chini. Joto la chumba likivuka nyuzi 40 hivi, nyingi huanza kujipunguzia nguvu zenyewe.

Betri

Seli 16 za lithiamu-chuma-fosfeti, kila moja volti 3.2, zinatoa volti 51.2, zidisha kwa ampea-saa 100 unapata uniti 5.12. Ukiitumia hadi ibaki na asilimia 10, una uniti 4.6. Toa uniti 0.66 za inveta kwa saa 12 za usiku, toa na hasara ya kugeuza, zinabaki kama 3.6 za kutumia. Friji 0.5, taa 8 za wati 9 kwa saa 5, televisheni saa 4, ruta usiku kucha, na feni mbili za wati 50 kwa saa 8: jumla uniti 2.1. Panabaki nafasi ya birika na mambo madogo. Oveni ya umeme au hita ya kuogea usiku inamaliza betri kabla ya usingizi. Kazi hizo zihamishiwe saa sita mchana, wakati betri imejaa na paneli zinazalisha umeme ambao hauna pa kwenda. Ni tabia rahisi kujifunza na inaokoa kuliko kifaa chochote cha kuongeza.

Lipo jambo ambalo matangazo hayalisemi. Inveta ni ya kilowati 5, lakini betri hii moja haiwezi kuilisha kilowati 5. Fanya hesabu: wati 5,000 kwenye plagi, ukihesabu hasara, ni kama wati 5,400 kutoka kwenye betri, kwa volti 50 hizo ni ampea 108. BMS, kompyuta ndogo iliyo ndani ya betri, kwa kawaida inakata ikipita ampea 100, na watengenezaji wengi wanashauri ampea 50 kwa matumizi ya muda mrefu. Maana yake ni kwamba usiku uhesabu kilowati 2.5 za kudumu. Birika la kilowati 2 na pasi vikiwashwa pamoja giza likiwa limeingia, nyumba nzima inaweza kuzimika, fundi anaitwa, na inveta inalaumiwa bure. Pampu ya maji ya wati 750 nayo huomba mara 5 hadi 7 ya nguvu yake inapoanza kuzunguka; kwa betri moja, ipangie mchana au uifungie kifaa cha kuiwasha polepole.

Kebo ya betri ndiyo ya kuangaliwa kwa jicho kali kuliko zote. Ampea 100 hazina msamaha. Tunataka shaba tupu ya milimita za mraba 35, isiyozidi mita 2 kwenda. Kebo zinazokuja sandukuni huandikwa 25, na nyingine ni alumini iliyopakwa shaba: kwaruza uzi mmoja kwa kisu, ukiona weupe ndani, itupe. Vichwa vya shaba vibanwe kwa koleo la haidroli, si nyundo. Kati ya betri na inveta iwepo fyuzi au breka ya DC ya ampea 125, yenye uwezo wa kukata maelfu ya ampea, kwa sababu betri ya lithiamu ikipigwa shoti inamwaga maelfu. Fyuzi za daraja la T ndizo tunazoziamini. Baada ya wiki ya kwanza, zima mfumo na ukaze tena kila teminali. Shaba hulegea kidogo baada ya kupata moto na kupoa.

Kuwasha kuna utaratibu wake: betri kwanza, subiri inveta iamke, kisha paneli, mwisho matumizi ya nyumba. Kuzima ni kinyume chake. Wala usiivute konekta ya MC4 ikiwa na mzigo. Zima breka kwanza. Paneli zenyewe hazina swichi ya kuzima. Jua likiwapo, zina umeme, na volti 360 za DC zinaua.

Mipangilio

Mfumo uliofungwa kwa nyaya safi unaweza kuuliwa na menyu. Inveta nyingi hutoka kiwandani zikidhani betri ni ya asidi. Badilisha aina ya betri iwe lithiamu, zima kabisa ile chaji ya kusawazisha ya betri za asidi, weka chaji ya juu volti 56.0, chaji ya kushikilia 54.0, kikomo cha kukata 48.0, na mkondo wa kuchaji ampea 50. Ukiachia mipangilio ya asidi, volti zinaweza kupanda mpaka BMS ikate ghafla katikati ya chaji, na kukatwa ghafla kwa ampea nyingi hakuifurahishi inveta. Kipaumbele cha matumizi kiwe jua kwanza, betri pili, gridi mwisho. Mahali gridi inapokatika bila taarifa, iambie irudi kwenye gridi betri ikiwa bado na asilimia 30 hadi 40, usije ukakuta giza na betri tupu pamoja.

Unganisha waya wa mawasiliano kati ya betri na inveta. Lithiamu ya aina hii inaongopa kwa volti: kati ya asilimia 80 na 20 volti hubadilika kwa 2 tu au chini yake, kwa hiyo inveta inayokisia kwa volti itakuonyesha asilimia 70 jioni na sifuri saa nane za usiku. Waya huo unafanana na wa intaneti lakini mpangilio wa pini mara nyingi ni tofauti. Wa dukani hautafanya kazi mpaka ulinganishe michoro ya vitabu vyote viwili. Na mara moja kwa wiki au mbili iache betri ifike asilimia 100 kamili ikae hapo kidogo, ili BMS isawazishe seli na hesabu yake irudi sawa.

Jambo la usalama ambalo mafundi wengi hulipita: breka ya kuvuja umeme. Gridi ikiwa imekatika, kwenye baadhi ya inveta waya wa nyutro unabaki hauna uhusiano wowote na ardhi, na breka hiyo haitakata umeme pale mtu anapopigwa na shoti kwenye ganda la mashine. Kitufe chake cha majaribio hakikusaidii kujua, kwa sababu kinazungusha mkondo ndani ya breka yenyewe na kitakata hata ethi isipokuwepo. Zima gridi, nyumba ikiendeshwa na betri, upime volti kati ya nyutro na ethi kwenye soketi. Karibu na sifuri ni salama. Ukiona kama nusu ya volti za nyumba, mwite fundi anayeijua inveta hiyo. Zipo zenye rilei ya ndani inayowashwa kwenye menyu, na zipo zinazohitaji kazi ya ziada. Usiunganishe nyutro na ethi kwa kubahatisha, maana gridi ikirudi utakuwa umeziunganisha mara mbili.

Utunzaji ni mdogo. Osha paneli alfajiri zikiwa baridi, kwa maji na brashi laini, bila sabuni kali wala mashine ya presha. Piga hewa feni za inveta kila baada ya miezi michache. Betri isiachwe tupu: ikishuka mpaka BMS ijizime, inveta nyingine hazina volti za kuamkia hata jua likiwa kali, na itabidi iamshwe kwa gridi au kwa chaja ya lithiamu.

Ukija kuongeza betri ya pili, ambayo ndiyo nyongeza ya kwanza tunayoishauri kabla ya paneli zaidi, iwe ya mtengenezaji yuleyule na uwezo uleule. Zijaze zote mbili kila moja peke yake hadi 100 na upime, tofauti isizidi sehemu ndogo ya volti moja, ndipo uziunge. Kebo ya chanya ya inveta itoke kwenye betri ya kwanza na ya hasi itoke kwenye ya pili, ili zote zivute sawa, na kila betri ipewe namba yake kwenye swichi ndogo za pembeni kabla ya kuwashwa.